Tarehe kwanza, ukumbi baadaye: nilivyoandaa mkutano wa walimu wa shule rafiki Mwanza

Kila niliyemuuliza aliniambia nianze na ukumbi. Ukumbi Mwanza haukosekani. Kinachovunja mkutano wa walimu wa nchi mbili ni kalenda, na hapo ndipo nilipopewa ushauri mbovu kuliko wote: "Waite Juni, walimu wako likizo." Juni shule zetu zimefungwa. Mwalimu atoke Würzburg, Ujerumani, mji wenye urafiki na Mwanza tangu 1966, aje kutazama madawati matupu? Anasafiri ili aingie darasani, amwone mwenzake akifundisha wanafunzi 90 kwa ubao mmoja.

Nilichora kalenda zote mbili kwenye manila, nikatafuta wiki ambazo wao wamefunga na sisi tunafundisha. Shule za jimbo la Bavaria hufunga kuanzia mwanzoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Muhula wetu wa pili huanza Julai. Ondoa Nane Nane, ondoa Septemba ya mtihani wa darasa la saba, zinabaki wiki ya pili na ya tatu ya Agosti. Ni kiangazi pia, barabara za vijijini hazina tope. Tarehe za moko, mtihani wa majaribio, muulize Afisa Elimu kabla hujamwandikia mgeni.

Vikao vya maandalizi kwa mtandao ndivyo vilivyotutesa. Mwaliko wa kwanza ulisema "Jumanne saa 10". Sisi tulimaanisha saa kumi jioni, vipindi vikiisha. Wao walisoma 10:00 kwa saa yao, asubuhi, ambayo kwetu ni saa tano, wote tuko darasani na simu zimezimwa. Tukasahihisha: saa 10 jioni Mwanza, 15:00 Würzburg. Septemba ikaenda vizuri, Oktoba vilevile. Halafu ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku Wajerumani wanaporudisha saa nyuma. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki, hatugusi saa. Tofauti ikawa saa mbili badala ya moja. Wao wameshika 15:00 yao, ambayo kwetu tayari ni saa 11. Walimu tisa tukakaa saa nzima mbele ya kompyuta, bando linaisha, na wa Igoma na Kisesa wakaondoka kuwahi daladala.

Tangu siku ile saa ya Mwanza ndiyo nguzo, kwa kuwa haisogei mwaka mzima. Kila mwaliko una mistari miwili: "Mwanza saa 10 jioni (16:00)", na chini yake saa ya Würzburg, 15:00 wakati wa majira yao ya joto, 14:00 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Hakuna aliyepotea tena.

Posho isemwe mapema, tena kwa maandishi. Kwa mgeni, urafiki wa shule ni kazi ya kujitolea. Kwetu, mwalimu anayetoka Ukerewe anavuka ziwa kutoka Nansio na analala mjini. Kumwambia ajitolee ni kumtoza. Barua yetu ilitaja nauli kwa tiketi, chakula cha mchana, na malazi kwa wanaovuka maji. Kwa walimu 20 na siku tatu, milioni moja na ushee ilitosha.

Mada ya dakika 30 ikipita kwa mkalimani inakula saa nzima, kwa hiyo weka mbili kwa siku, si tano. Maswali tuliyatuma wiki tatu kabla, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kila meza ilikuwa na wenyeji wawili na mgeni mmoja wanaoandika kwenye manila moja. Mwenyeji akiwa peke yake na mgeni hunyamaza kwa adabu. Wakiwa wawili wanabishana, na ubishi huo ndio mkutano wenyewe. Chapisha kila kitu, umeme ukikatika projekta ni sanduku tu.

Wageni watataka kuogelea ziwani. Wakatalie bila aibu, na uwaeleze sababu: kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi, hata ya mtu anayekanyaga maji ya ufukweni kwa dakika chache. Wapeleke Kisiwa cha Saanane kwa boti, waone mawe na pimbi miguu ikiwa mikavu.

Safari ya kurudisha ugeni ianze kushughulikiwa mapema zaidi. Viza ya Schengen, ya kuingia Ujerumani, huombwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku 15. Inataka bima ya matibabu ya euro 30,000 na mtu afike Dar es Salaam mwenyewe kuiomba. Mtumishi wa umma anahitaji kwanza kibali cha mwajiri, na hicho ndicho kinachokawia. Barua ya kukiomba iandike wiki ileile wageni wanapopanda ndege kwenda kwao.