Mashine ya boti ikipumzika masika

Masika yakianza, watu wa kwenda kisiwa cha Mbudya hupungua, na mimi huipandisha boti yangu nchi kavu pale Kunduchi. Mashine tunaivua kabisa.

Video nyingi za kuhifadhi mashine za boti zinatoka Ulaya na Marekani, na hofu yao ni barafu: maji yakibaki ndani yakaganda, yanatanuka na kupasua bloku, yaani mwili wa mashine. Kwa hiyo wanapitisha dawa ya kuzuia kuganda. Hapa Dar, hata zile usiku za Julai za nyuzi 19, tunapotoa majaketi, hakuna kitakachoganda. Ndiyo maana wenzangu wengine hufunika turubai tu wakaondoka. Chumvi iliyobaki ndani inaendelea na kazi yake, na unyevu wa masika unaisaidia.

Kwa hiyo kuosha ndiyo kazi kubwa. Tunatumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa, maji yapite juu ya tundu za kuvutia maji, gia ikiwa huru, tunawasha. Lakini maji gani? Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, hata muuzaji akiapa ni maji baridi. Fundi wangu huchota kiganjani, anaonja, anatema pembeni. “Mama, haya ya kufulia. Mashine tutafute ya bomba.” Nanunua ya bomba kwa madumu, gharama yake huwezi kuifananisha na bei ya mashine.

Mashine ikishatema maji safi kwa muda, fundi anachomoa mpira wa mafuta na kuiacha ijizimie yenyewe. Yangu ni ya kuchanganya petroli na oili. Mchanganyiko ukikaa kwenye kabureta, petroli inapotea hewani, inabaki oili yenye gundi inayoziba jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli. Kisha plagi zinatoka, kila silinda inapewa oili kidogo, na kamba ya kuwashia inavutwa polepole ili oili isambae. Kamba ya dharura ya kuzimia iwe imeshachomolewa, cheche zisiruke penye mvuke wa petroli.

Oili ya giaboksi naimwaga sasa, sisubiri siku ya kurudi baharini. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili, ule mpira wa kuzuia maji, imepitisha maji, na maji hayo yakilala humo miezi miwili yanakula bearingi. Zinki, kile kipande cha madini kinachofungwa kwenye mguu wa mashine, ikiwa imelika nabadilisha. Na asije mtu akaipaka rangi “ipendeze”. Zinki iko pale iliwe yenyewe badala ya mguu.

Mashine inasimama wima kwenye stendi, maji yaliyosalia yashuke. Nailoni siitaki, inatoa jasho ndani. Turubai liachwe wazi chini.

Siku ya kuiwasha tena itafuka moshi mwingi, ile oili ya silinda inaungua. Iwasheni uwanjani, na nguo za jirani zikiwa kwenye kamba, mwambieni kwanza.