Sumaku katika jicho la tenga

Nipitapo soko la Kadutu, hapa Bukavu, macho yangu huvutwa na matenga ya kuku ambayo fito zake hupishana na kuacha matundu ya pembe sita, kila tundu likizungukwa na pembetatu ndogo. Wajapani huuita ususi huo kagome, yaani macho ya kikapu, na tangu Itiro Syozi alipouchunguza mwaka 1951, wanafizikia hulitumia jina hilo kwa atomi zilizojipanga vivyo hivyo.

Metali zinazonishughulisha ni mchanganyiko wa aina tatu za atomi: zile zilizojisuka kuwa wavu wa kagome, metali moja ya ardhi adimu kama terbiamu, gadoliniamu, holmiamu au erbiamu, na bati, ambalo kasiterite yake, yaani madini ambamo bati hutolewa, huchimbwa Kivu tangu enzi ya ukoloni. Jamii ya metali hizo inayojulikana zaidi ni ile ambayo wavu wake wa kagome ni wa manganizi. Ile yenye terbiamu hubaki na usumaku hadi takriban nyuzi 150 za Selsiasi. Mimi naipenda zaidi jamii ambayo wavu wake ni wa vanadi, kwa sababu wavu wa vanadi hauna usumaku wake wenyewe, hivyo kinachosikika ni sauti ya metali za ardhi adimu peke yake.

Atomi za ardhi adimu zimekaa katika tabaka za pembetatu baina ya nyavu, na kwa kuwa elektroni zake zenye usumaku zimefichika ndani kabisa, haziwezi kugusana na za jirani, bali hupashana habari kupitia elektroni zinazozunguka huru katika metali. Uhusiano huo ni dhaifu mno. Joto kidogo tu linauvuruga. Ndiyo maana, katika jamii ya vanadi, sumaku za atomi za gadoliniamu hujipanga pamoja kwenye Kelvini 5 hivi, yaani nyuzi 5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, terbiamu kwenye 4, ambapo heliamu huchemka, na holmiamu kwenye zaidi kidogo ya 2.

Mwelekeo, nao, hutegemea umbo. Wingu la elektroni zile zilizofichika katika terbiamu limebonyea kama tonge la bugali lililokandamizwa kwa kidole gumba. La erbiamu limerefuka kama yai. La gadoliniamu, lenye elektroni saba, ni duara kamili, kwa hiyo halichagui sana upande. Chaji za atomi zinazolizunguka wingu hulisukuma kufuatana na umbo hilo, hata sumaku ya terbiamu ikasimama wima juu ya wavu, na ya erbiamu ikalala sambamba nao, ikiwa bado haijapata mpangilio hata kwenye Kelvini 2.