Unafanya Nini Hapa, Eliya?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki nzima nimekwama kwenye 1 Wafalme 19. Nilipanga tuendelee na Waefeso, lakini Waefeso watanisubiri. Mwezi huu unatimia mwaka tangu tumzike mama, na kila nikifungua Biblia najikuta jangwani kwa Eliya. Sura iliyotangulia ameomba moto ukashuka Karmeli, sasa yuko chini ya mti wa mretemu, anasema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Kwenye mikesha yetu moto wa Karmeli tunauhubiri mpaka sauti zinakauka. Mretemu tunaupita mbio.

Baada ya kuanua tanga, turubai na viti vya kukodi viliporudi kwa wenyewe, kila mtu alirudi kwenye mihangaiko yake. Ndivyo jiji letu lilivyo, sina lawama. Mimi nikabaki na usingizi unaokatika saa nane usiku, kifua kinachobana, na hasira. Mtoto akimwaga chai nafoka hadi majirani wananyamaza. Nikapima presha, iko sawa. Sukari, iko sawa. Daktari akaniambia, "Mama, wewe una msiba. Nenda ukazungumze na mshauri nasaha."

Niliudhika. Ushauri nasaha mimi niliujua wa kwenye vipimo vya Ukimwi, kabla ya kupima na baada ya kupima. Tena mimi ni mtu wa maombi! Nikaona kama ameniambia imani imenipungukia.

Nilikwenda nimejiandaa kutoa ushuhuda: mama alimpenda Bwana, amepumzika, tunashukuru kwa yote. Yule mshauri, binti ambaye ningeweza kumzaa, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama alikuwa anakuitaje?"

Wapendwa, tangu mazishi hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote mliniuliza alikuwa anaumwa nini. Nililia mpaka mtandio ukalowa, na yule binti hakuniambia nyamaza, wala hakunikumbusha kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alikaa tu. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye siku saba bila neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Nilivyorudi mara nyingine nikasimulia yaleyale, na mara iliyofuata yaleyale tena, hadi nikaona aibu. Sasa tazameni mstari wa 9 na wa 13. BWANA anauliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Eliya anamwaga yote: nimeona wivu mwingi, wamewaua manabii, nimesalia peke yangu. Halafu BWANA anauliza tena swali lilelile, na Eliya anajibu tena yaleyale, karibu neno kwa neno. Hakuambiwa, "Hayo umeshayasema." Mungu ajuaye yote hakuwa anatafuta habari. Alimwachia mtumishi wake nafasi ya kuutua mzigo mara mbili, maana mzigo mwingine hautuliki kwa mara moja.

Na kabla ya swali hilo kulikuwa na usingizi, mkate na maji. Malaika hakumwekea Eliya mikono wala kumkemea roho ya kukata tamaa. Alimlisha, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena: "Safari hii ni kubwa mno kwako." Yule binti naye alianzia hapohapo: nalala saa ngapi, nakula nini. Baadaye akanipa kazi ya kumwandikia mama barua, niseme nisiyowahi kumwambia. Humo ndimo nilimokutana na hasira yangu, na haikuwa ya chai. Nilimuuguza mama peke yangu huku ndugu zangu wakituma hela kwa simu pamoja na maelekezo. Tulikaa kikao, nikawaambia bila kupiga kelele. Mmoja alilia. Mmoja hadi leo amenuna, naye tunamwombea.

Hapa naomba mnivumilie, maana niseme linalonichoma. Tunajua kwa nini watu wetu hawafunguki. Mtu analeta jambo la ndoa yake kwa machozi, na kabla hajafika Mbagala kwake, limeshafika kwenye kikundi cha WhatsApp limevalishwa nguo za ibada: "Tumwombee dada yetu fulani, mumewe amehama nyumba." Hayo si maombi, ni umbea wenye amina mwishoni! Yakobo alisema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa. Nani ataungama mbele ya watu wasiofunga mdomo? Mshauri aliyesomea kazi yake anajua siri si mali yake ya kugawa, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini. Inakuwaje sisi tuliooshwa kwa damu tushindwe na maadili ya kazi ya watu? Na nyie akina baba mnaoambiana "jikaze, wewe mwanaume," Eliya alikuwa mwanaume.

Anayetaka kwenda kwa mshauri na hajui pa kuanzia: hospitali za hapa Dar es Salaam, Amana, Temeke au Mwananyamala, fika uulizie ustawi wa jamii. Muhimbili wana wataalamu wa afya ya akili. Mwingine ataambiwa anahitaji dawa. Ameze, na aje ibadani kama kawaida. Na kama mawazo yamefika pale kwa Eliya, kwamba heri kufa, usingoje mkesha wa Ijumaa. Mwambie mtu leo akupeleke hospitali, hata usiku.

Wasimamizi wa kikundi chetu, kuanzia wiki hii ombi lenye jina la mtu lisiwekwe mpaka mwenyewe ameridhia. Likiwekwa, lifuteni, hata kama limeandikwa na mzee wa kanisa.