Siku Tume ya Nyalali Ilipokuja Kwetu

Mwaka 1991 nilikuwa kidato cha pili katika mji mdogo mkoani Tabora. Asubuhi moja mwalimu wa zamu akatuamuru tutoe madawati yote tuyapange chini ya miembe, kwa sababu kulikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam. Sisi tulichojua ni kwamba hakuna hesabu siku hiyo.

Wageni wenyewe walikuwa wajumbe wa tume aliyoiunda Rais Mwinyi mapema mwaka ule, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Walikuwa wakizunguka Bara na Visiwani wakiuliza swali moja: tubaki na chama kimoja, au turuhusu vingi?

Rika langu lilizaliwa likakikuta Chama. Uchaguzi tuliokuwa tukiufahamu ni ule wa jembe na nyumba: wagombea ubunge wawili, wote wa CCM, wanapandishwa jukwaa moja, huyu kapewa alama ya jembe, yule nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Kwenye urais jina lilikuwa moja tu, nawe unaweka alama kwenye Ndiyo au Hapana. Lakini mtu asidhani ubunge ule ulikuwa mchezo. Tangu 1965 mawaziri walikuwa wakibwagwa humo humo ndani ya chama kimoja.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa Chama kwa majirani wa nyumba kumi. Alikaa mbele kabisa, shati lake la kijani limepigwa pasi hadi mistari ya mikono inaonekana, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama. “Waheshimiwa, vyama vingi ni vita,” alisema. Watu wakapiga makofi.

Hakuwa akiimba wimbo wa tawi tu. Ulyankulu, yaliko makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ipo mkoani kwetu. Rwanda nako mapigano yalikuwa yameanza Oktoba 1990, na redio haikuacha kuyataja. Aliyeishi karibu na watu waliokimbia kwao hakuhitaji katibu kata amfundishe kuogopa. Kwamba Burundi ya 1972 ilikuwa nayo chini ya chama kimoja, hilo halikusemwa na mtu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani wa tume, kazi yangu kumpelekea maji, kwa hiyo niliona alichokuwa akiandika. Baba alipotamka msimamo wake, karani aliandika neno moja: kimoja. Nikadhani yameisha. Lakini Baba hakukaa. Akasema Chama kibaki, ila viongozi wa tawi wasiwe wakipangwa na wa juu. Chama kibaki, ila fedha za tumbaku zisikae msimu mzima bila mkulima kulipwa. Chama kibaki, ila mtu akienda ofisini na shida yake asiulizwe kadi kwanza. Karani akafunua ukurasa wa pili, akaandika mpaka nusu yake.

Aliyefuata, vivyo hivyo. Na aliyemfuata. Kila mmoja akianza na kimoja kibaki, halafu anamwaga yaliyomo moyoni. Mama mmoja muuza vitumbua aliuliza kama hivyo vyama vipya navyo vitakuja kudai michango, kwa sababu mmoja tu umemshinda. Watu walicheka sana. Hata mwenyekiti wa kikao alilazimika kushusha miwani ajifute macho.

Wa mwisho ninayemkumbuka ni mzee mmoja wa TANU ya mwanzo, chama kilichoitangulia CCM huku Bara, mtu wa kofia ya kiua na bakora, ambaye Baba alimwamkia kwa heshima zote. Alisema mwaka 1958 alikuwa Tabora mjini wajumbe wa TANU walipokesha wakibishana juu ya kura tatu, ile sheria ya mkoloni iliyomlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake cha ANC. “Na mwaka 1962 akasimama kugombea urais na Nyerere,” mzee alisema. “Tukapiga kura, Mtemvu akashindwa vibaya, tukarudi mashambani. Vita viko wapi hapo, mwanangu?” Hilo “mwanangu” alimwelekezea Baba, si wajumbe.

Makofi yalikuwa machache, ya adabu tu. Baba alitazama viatu vyake. Binafsi ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba nchi hii iliwahi kuwa na vyama zaidi ya kimoja. Kitabu chetu cha siasa kilipita hapo haraka sana.

Ripoti ilitoka mwanzoni mwa 1992. Takriban watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walikuwa wametaka chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi. Ilisema wachache nao wana haki yao, tena wengi wa wale waliotaka kimoja walikuwa wamedai mabadiliko makubwa. Mkutano Mkuu wa CCM ukaridhia, Bunge likabadili Katiba, na Julai mwaka huo vyama vingine vikawa halali.

Baba alikasirika kweli. Aliizima redio, akamwendea yule mzee kibarazani kwake, nami nikiwa nyuma na kigoda. “Sasa kama tulikataa, Mzee, walituita ya nini?”

“Wewe ulikataa kwa dakika moja,” mzee akamjibu, “ukalalamika kwa dakika ishirini. Ulitaka waandike lipi?”

Baba hakujibu. Ubalozi aliendelea nao, na kadi hakurudisha. Ila kampeni za 1995 zilipofika na upinzani ukafanya mkutano uwanjani kwetu, alikwenda, “kusikiliza tu,” alivyomwambia Mama. Jioni alirudi sauti imemkauka kabisa, na kwa siku mbili alikuwa akituagiza kwa ishara za mikono.