Nyanya za kwenye ndoo Dodoma: kazi kubwa ni maji

Nyanya za kwenye ndoo hapa Dodoma haziharibiwi sana na ukosefu wa mbolea. Zinaharibiwa na maji ya kubahatisha: leo ndoo imefurika, siku mbili hakuna kitu, bomba likirudi mtu anamwaga mengi kufidia. Shambani mizizi hushuka chini kufuata unyevu. Ndani ya ndoo haina pa kwenda.

Ndiyo maana chombo kiwe kikubwa. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa vizuri inatosha mche mmoja. Mmoja tu, hata kama miche imebaki na unaionea huruma. Vile vyungu vya kupendeza vya kando ya barabara waachie maua. Toboa matundu manne chini, ya unene wa kidole kidogo, na mawili ubavuni, sentimeta 3 kutoka chini, ili ya chini yakiziba maji yapate njia. Iweke juu ya matofali mawili. Ndoo nyeusi ivishe kiroba cheupe au ipake chokaa, kwani jua la mchana huipasha mpaka mizizi ya pembeni ikaungua.

Udongo mwekundu peke yake hugandamana ukikauka, na maji hupita pembeni bila kuingia. Changanya sado 2 (kopo la lita 4) za udongo wa juu, sado 1 ya mchanga wa mtoni na sado 1 ya samadi ya mbuzi iliyooza. Samadi ya mbuzi huku si shida kuipata. Shida ni watu kuitumia mbichi. Ikiwa bado inanuka mkojo, iache: itaunguza mizizi.

Sia mbegu Machi, kina cha sentimeta 1, ili mvua ziishe miche ikiwa bado midogo na matunda yaje kwenye ubaridi wa Juni hadi Agosti. Ukichelewa, maua yatakutana na joto la Oktoba na mengi yatapukutika bila kushika. Kwa anayeanza, Cal J au Roma zinafaa kwa kuwa ni fupi. Anna F1 hurefuka bila kukoma, inataka kamba na kupunguziwa machipukizi kila wiki. Mche ukifikisha wiki 4 au 5 uhamishie kwenye ndoo jioni, ukiufukia mpaka karibu na majani ya kwanza. Shina lililofukiwa hutoa mizizi mipya. Chini yake weka kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, kisha udongo kidogo ili mbolea isiguse mizizi. Simika na mti wa kuegemea siku hiyohiyo, maana upepo wa hapa hauna huruma, na ukichomeka baadaye unakata mizizi.

Sasa maji. Mche mdogo unatosheka na nusu lita kila asubuhi. Wenye matunda unataka lita 2 kwa siku, na siku za upepo mkavu hata 3, nusu asubuhi na nusu jioni. Usikariri kipimo: ingiza kidole hadi kiungo cha pili, kukiwa na unyevu subiri. Majani kulegea saa nane mchana na kusimama tena jioni si tatizo. Yakiwa yamelegea alfajiri, mwagilia mara moja. Yakilegea wakati udongo umelowa, ni mizizi kuoza au ugonjwa wa mnyauko, na maji zaidi yatamaliza kazi. Funika juu kwa maganda ya karanga, unene wa sentimeta 5. Hayapeperuki ovyo kama nyasi. Na weka akiba kwenye pipa, kwa sababu mgao wa maji haujali kwamba nyanya zako zimeshika.

Tunda likianza kuwa na doa jeusi lililobonyea kitakoni, wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Ni fedha ya bure. Hilo ni pengo la kalsiamu, na kalsiamu husafiri na maji. Yakikatika, ncha ya tunda ndiyo hukosa kwanza. Toa yaliyoharibika, mwagilia kwa mpangilio, na yanayofuata yatakuwa safi. Urea nyingi huzidisha tatizo, na hukupa majani mengi bila nyanya.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, mimina polepole mpaka maji mengi yatoke chini, kisha yaondoe yasirudi kwenye ndoo. Mwenye maji ya mvua kwenye tangi ayatumie kwa kazi hiyo.

Kwa wadudu, geuza majani kila baada ya siku mbili. Mabaka meupe yanayopitisha mwanga, na kiwavi mdogo ndani yake, ni kantangaze: chuma jani, lifunge kwenye mfuko, liache juani. Kwa ndoo chache, mkono unawahi kuliko dawa. Vumbi la njano na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri, ambao hupenda ukavu. Rushia maji kwa nguvu upande wa chini asubuhi. Mche uliodumaa na majani yaliyojikunja kuelekea juu, yenye kingo za njano, ng'oa, maana virusi hivyo husambazwa na nzi weupe na havitibiki.

Mavuno yakiisha, udongo ule usiupandie nyanya, bilinganya wala pilipili msimu unaofuata. Ongeza sado ya samadi, panda mchicha.