Y ya mikromita mbili

Mdogo wangu aliona mchoro kwenye skrini yangu tukiongea kwa video, akauliza: "Kaka, Ulaya yote hiyo unachora Y?" Ndiyo, Y. Mwanga unaingia kwa njia moja, unatoka kwa mbili, nusu kwa nusu.

Kwenye chipu zetu, ambazo hupitisha mwanga badala ya umeme, mwanga wa nanomita 1550 hupita ndani ya mfereji wa silikoni wenye kimo cha nanomita 220 na upana wa 450 hivi, uliozungukwa na kioo. Silikoni hupunguza mwendo wa mwanga karibu mara tatu na nusu, kioo chini ya mara moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo inayoubana mwanga hata ukakata kona kali, na ndiyo inayoleta balaa njia zinapoachana. Y ya kawaida inadai ncha ya katikati isiyo na unene kabisa. Kiwanda hakiwezi kuichonga. Inatoka butu, na mwanga ukiigonga, mwingine unamwagika pembeni, mwingine unarudi ulikotoka. (Huo wa kurudi ndio unaoniudhi. Leza haipendi kabisa kurudishiwa mwanga wake.)

Mwaka 2013 mtafiti Yi Zhang na wenzake waliachana na ncha kali. Kiungo cha Y walikigawa vipande, wakaiachia kompyuta itafute upana 13 tofauti. Likatoka umbo lenye kiuno na tumbo ambalo mtu asingelichora kwa mkono: mikromita 1.2 kwa 2, upotevu uliopimwa takriban desibeli 0.28 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea; kila ngazi inajumlishwa).

Ndogo? Ukitaka matawi 64 unapitia ngazi sita za Y. Desibeli 0.28 mara sita ni 1.68, yaani karibu theluthi ya mwanga imekwenda. Ukishusha hadi 0.1 kwa kila ngazi, unapoteza asilimia 13 tu. Ndiyo maana bado nahangaika nayo.

Siku hizi wengi wanapenda vigawanyaji vilivyotobolewa vitundu kama fumbo, kompyuta ikiamua kila kitundu. Vinapendeza kwenye skrini. Mimi naogopa vitundu vidogo ambavyo kiwanda cha kawaida kitaviziba. Y ina fadhila moja nisiyoiuza: kushoto na kulia ni pacha. Silikoni ikichongwa nanomita 10 zaidi, pande zote zinakosewa sawasawa, na nusu inabaki nusu. Mifereji miwili iliyopitishwa sambamba ili mwanga uvuke haina bahati hiyo; pengo likibadilika kidogo tu, mgawo unayumba.

Kwa hiyo kompyuta naiachia upana, mhimili wa katikati haiugusi. Kila umbo nalijaribu likiwa limenenepa na likiwa limekonda kwa nanomita 10, nalipa alama kwa matokeo yake mabaya zaidi.

Kwenye mchoro unaokwenda kiwandani siiweki Y moja ya kupimwa peke yake. Kuunganisha nyuzi za kioo na chipu kunayumba kuliko upotevu ninaoutafuta. Naziunganisha Y nyingi kwa mfululizo, minyororo ya urefu tofauti, kisha nasoma mteremko wa grafu: huo ndio upotevu wa kila Y.