Dharura inayojulikana tarehe: siku yangu Raskazone

Saa 12:30 asubuhi. Hata chai sijanywa, nipo juu ya paa la jengo ninalolisimamia hapa Tanga: ghorofa nne, nyumba 16, bahari ile pale. Nazoa majani ya mkungu kwenye gata kabla ya vuli. Nimetoa na kandambili moja ya mtoto. Ilipandaje, Mungu ndiye ajuaye.

Saa 2. Fundi anagonga boriti ya ngazi kwa nyundo, inalia kibuyu. Anachokonoa kwa bisibisi, plasta inaporomoka. Ndani nondo imebanduka maganda mekundu kama ya kitunguu. Kusi hutupiga chumvi upande huu kila mwaka. Ikipenya kwenye zege, nondo hushika kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi zege linapasuliwa kwa ndani. Ganda moja nalitia mfukoni.

Saa 4. Daftari la matumizi. Mwaka jana, chini ya “Dharura”: Aprili paa, Mei pampu imezama, Novemba paa tena. Dharura gani hii inayofuata masika na vuli? Neno nimelikata. Nimeandika: paa, chumvi, jukwaa la kuinulia pampu. Nikaongeza umeme wa Januari na Februari, maana kwenye joto la kaskazi watu huoga mara tatu na pampu hailali.

Saa 7, wali na samaki.

Saa 11 jioni, kikao. Kila nyumba inachanga elfu 20 kwa mwezi. Naomba elfu 8 zaidi.

“Mwanangu, paa linanihusu nini? Mimi nakaa chini,” anasema mzee mmoja.

“Na pampu iliyozama huko kwako chini, mzee wangu, si tulilipa sote?” bibi wa ghorofa ya nne anamjibu.

Nawakumbusha kuwa kwa sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya 2008, paa ni la wote. Sheria haikumgusa mtu. Nikaweka lile ganda kwenye kisahani, likazunguka kama kashata. Hapo wakanyamaza.

Wamekubali elfu 5. Ni laki 9 na elfu 60 kwa mwaka, paa zima haliwezi.

Saa 1:30 usiku nampigia fundi: boriti kwanza, paa tutaziba nyufa tu. Kisahani sikioni. Nadhani mzee ameondoka nacho.